Maji ya Ticha Nzula

Nikipita kwa jirani, macho yangu huenda kwenye kamba ya nguo kwanza, salamu baadaye. Ndivyo nilivyogeuka. Mtu ananiambia kwake kumekauka, hata ya kuchemsha chai hana, na nyuma ya nyumba kuna mashuka yanadondosha maji chini. Mashuka, tena meupe! Basi natabasamu, nauliza habari za watoto, naenda zangu nikiwa nimejua ninachojua.

Tulianza kuishi hivyo hapa Mountain View siku mifereji ilipoanza kukauka. Si kwamba Nairobi ilikuwa imeishiwa maji, la. Malori ya maji yalipanda Waiyaki Way kutwa nzima, mengine yakikata kwenda Kitisuru kumwagilia nyasi za wenye nyasi, mengine yakiingia kwenye korti yetu, hizi nyumba zetu za geti moja, kutuuzia kwa mtungi. Maji yalikuwepo. Kuna mtu alikuwa anayaziba, na mimi nilikuwa nimeapa nitamjua, hata kama ni mtu ninayekaa naye benchi moja kanisani.

Mimi ni mwalimu. Hapa wananiita Ticha, hata wanaonizidi umri. Nyumba yetu iko kona, na sehemu ya chini nimeifanya chekechea. Kina mama wa korti hii wananiachia watoto asubuhi wakienda kazini na kuwachukua jioni. Si shule ya fahari. Ni mikeka, viti vidogo, uji, nyimbo, na kelele za kukutoa akili. Lakini ndiyo inayotulisha. Mume wangu Mutie ni karani mjini, na mshahara wake ukiingia ni kama mgeni wa njiani, hata hauvui koti. Bila wale watoto tungekuwa tumesharudi kwetu Mwingi kitambo.

Sasa, watoto watatu wa chekechea waliharisha kwa pamoja. Aliyezidiwa ni Stacy, mtoto wa rafiki yangu Awuor wa nyumba ya pili kutoka kwetu. Huyu Awuor si rafiki wa salamu tu. Nilipojifungua kitinda mimba wangu, ni yeye aliyenikanda. Stacy alilazwa, akatundikiwa dripu, na daktari akauliza maji ya huko shuleni yanatoka wapi. Ya kunywa mimi huchemsha, lakini mtoto ukimpa ya kunawa mikono ataonja tu, utafanyaje? Na hayo ya kunawa yalitoka kwa lori. Lori liliyatoa wapi, muulize dereva, naye atakuuliza kama unanunua au hununui.

Ndipo akaja afisa wa afya, mwanamke mwembamba anaitwa Ngina, viatu vya raba, uso haucheki. Nilimtolea soda, akaisukuma pembeni kwa kidole. Nikasema basi chai. Akasema amekunywa. Nikajua leo nimepatana na mtu.

Alifungua mfereji wa kunawia watoto. Ukatoa pumzi, fyuuu, basi.

"Madam, nitarudi Ijumaa ya wiki ijayo," alisema. "Nikifungua hapa nataka nione maji. Ya mfereji, si ya lori. Nisipoyaona nafunga hii chekechea, na usinilaumu."

"Lakini maji si mimi ninayeyaleta."

"Wala si watoto wanaoyaleta."

Alikuwa sawa, ndiyo iliyoniuma. Siku hiyo nilivunja sufuria la uji kwa hasira, usiniulize vipi.

Maji ya korti yetu yanafunguliwa na mtu anaitwa Jamleck. Pale barabarani kuna chemba ya saruji, bomba kubwa linagawanyika humo, na kila nyumba ina valvu yake, mbali chini, mkono haufiki. Jamleck ana ufunguo, chuma kirefu chenye mkono wa kushika juu. Anakizamisha, anazungusha, kwako maji yanakuja. Akizungusha upande wa pili, kwaheri. Kila mtu alimjua kama mtu wa maji. Ana ovaroli ya buluu na anatembea polepole kama bwana harusi.

Na yeye hakutuomba kitu, huo ndio ukweli. Ilianza na adabu zetu. Mtu amekuja juani kukufungulia maji, utamwacha aende mikono mitupu? Sisi hatukulelewa hivyo. Huyu akamtolea chai na mkate, yule akampa ya soda, mimi nilikuwa nampa uji wa watoto, tena wa kikombe kikubwa. Ilikuwa asante tu. Halafu ikafika mahali asipopewa asante anasahau nyumba yako. Hapo ndipo nilianza kunusa kitu. Kwa nini kwa fulani yalitoka Jumatatu na kwetu hayakutoka? Kwa nini Bwana Isaiah, mwenyekiti wetu wa wakazi, mzee wa kanisa, mstaafu wa serikali mwenye kuongea kwa upole, maua yake hayakunyauka hata mara moja? Na kwa nini kila nikiuliza, watu walikuwa wananiambia "ah, Ticha, ni hali ya nchi"? Hali ya nchi inamwagilia maua ya Isaiah?

Kesho yake baada ya Ngina, nilimwachia watoto dada anayenisaidia, nikashuka mjini hadi ofisi ya maji. Nilisimama kwenye foleni mpaka visigino vikawaka. Msichana wa kaunta alibonyeza kompyuta yake, akainua uso.

"Madam, kwa sistimu mko na maji."

"Basi nipe mtungi niikinge hiyo sistimu."

Waliokuwa nyuma yangu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Nani amewafungia?"

"Si ni mtu wenu! Jamleck, yule wa valvu za Mountain View."

Alibonyeza tena, akamwita mwenzake, mzee mmoja mwenye miwani. Wakanong'onezana. Mzee akaja kwenye kioo.

"Mama, sisi hatuna Jamleck. Huyo labda ni yule alikuwa kibarua wa mkandarasi, wakati wa kuchimba hiyo laini. Kazi iliisha kitambo na vibarua wakaenda."

"Na ufunguo?"

Alikuna kidevu. "Ufunguo wa mkandarasi? Hiyo sasa…" Akaniambia watatuma mtu aje kuangalia, niwe na subira.

Wueh! Nilitoka pale nikipita katikati ya watu wa Moi Avenue nikijisemea kama kichaa. Miaka yote hii tunamnyenyekea mtu ambaye hata hajaajiriwa! Mtu alikuja kuchimba mtaro, akaondoka na chuma, na chuma hicho kikamfanya mkubwa wetu. Na kama hakuna anayemlipa huko ofisini, basi anakula wapi? Anakula kwetu. Kuna mtu, au watu, pale pale kwenye korti, wanaomlisha ili wao wapate na sisi tukose. Nilizihesabu nyumba zote kichwani, na hakuna iliyobaki safi.

Jumapili tukawa na mkutano wa wakazi kwa Bwana Isaiah, uani, viti vya plastiki, soda na biskuti. Wakaongea habari ya taa ya geti, na mbwa wa mtu. Nikanyoosha mkono nikasimama.

"Nimetoka ofisi ya maji," nikasema. "Jamleck si mfanyakazi wao. Hawamjui. Ni kibarua aliyebaki na ufunguo. Sasa mimi nauliza, na nauliza mbele ya kila mtu hapa. Nani anampa? Maana kuna mtu anampa. Hawezi kutembea na hiyo ovaroli kila siku kwa kupenda sura zetu."

Watu wazima, wenye kazi zao, wote wanaangalia viatu. Mmoja akakohoa, mwingine akapokea simu ambayo haikulia. Nilimwangalia Awuor aniunge mkono, naye alikuwa anapangusa vumbi kwenye sketi ambayo haikuwa na vumbi.

"Ticha," Bwana Isaiah akasema kwa ile sauti yake ya hospitalini, "tusikimbilie kunyoosheana vidole. Mambo kama haya yanataka hekima. Tuyaombee." Akaondoa kofia. "Tufunge kwa maombi."

Akaomba mvua. Haki ya Mungu, aliomba mvua.

Tukirudi, Awuor alinishika kiwiko. "Yawa, Ticha, si ungenyamaza tu."

"Kwani na wewe unampa?"

Akacheka, na kicheko chenyewe kikaenda mbali kuliko inavyofaa. "Mimi? Nimpe na nini?" Sikumwamini. Ni mara yangu ya kwanza kutomwamini Awuor, na ilinikaa kifuani kama mfupa wa samaki.

Jumanne asubuhi tulikuwa tunaimba wimbo wa siku za wiki, mfereji ukakohoa. Ukakohoa tena, ukatema kutu, halafu maji yakaja. Maji meupe, yenye nguvu! Watoto walipiga kelele, na mimi nikapiga kelele kuwazidi. Nilijaza tangi, nikajaza mabeseni, nikajaza hadi sufuria za chapati. Nikamwambia dada, leo tunafua kila kitu. Tukafua blanketi za watoto, mashuka, mapazia, zulia la mlangoni, tukavianika kwenye kamba mbili na ukuta mzima wa mbele. Nilijua ni mkutano. Maneno yangu yamemwogopesha mtu! Nikajiona mimi ndiye mwanamke pekee mwenye akili katika Nairobi nzima.

Awuor alipokuja jioni kumchukua Stacy, aliyekuwa ametoka hospitali juzi tu, alisimama getini akitazama zile blanketi.

"Yamekuja?" akauliza.

"Si yamekuja kwa wote? Nenda ufungue kwako!"

"Nimefungua. Ni upepo."

Nilidhani anatania. Nikavuka na yeye hadi kwake, nikafungua mfereji wa jikoni kwa mkono wangu. Ulikuwa mkavu kabisa. Tukauliza kwa jirani wa tatu, na wa nne, nako vilevile. Korti nzima ilikuwa kavu, isipokuwa kwetu kona. Nilimjazia Awuor mitungi yake yote nikamsaidia kuibeba. Akanishukuru vizuri, kama unavyomshukuru mtu usiyemjua.

Kesho yake nilimvizia Jamleck pale kwenye chemba. Alikuwa ameketi juu ya kifuniko anakula ndizi.

"Umenifungulia mimi peke yangu kwa nini?"

"Madam, si ulitaka maji? Nimesikia kuna mtu wa afya anakuja Ijumaa."

"Nani amekuambia?"

"Watu wananiambia vitu." Akamenya ndizi nyingine. "Mimi nimekuonea huruma tu. Hata soda sitaki kwako."

"Wafungulie wote."

"Nikifungulia wote, nani ataniita Jumatatu?" Alisema bila aibu, kama mtu anayetaja bei ya nyanya. "Kila mtu hapa ananipa, madam. Wote. Mwenyekiti. Hata huyo rafiki yako ananitumia kwa simu, maskini, anafinya anachopata. Walikuwa wananipa kidogo kidogo, na wenye malori nao wananiangalia na kitu kidogo nisifungue sana, kila mtu anafikiri ni yeye peke yake. Tulikuwa tunaishi na amani. Halafu wewe unasimama Jumapili unauliza nani anampa Jamleck."

"Nitawaambia wote ulichosema."

"Waambie. Lakini jana nimewaambia mimi kwanza. Wakiniuliza mbona kona tu, nimesema ni mambo yangu na Ticha. Tumeelewana."

Nilielewa pale pale alichonifanyia, na nikaelewa pia kwamba sina dawa yake. Nikisema afunge yangu, Ijumaa Ngina anafunga chekechea. Nikiacha wazi, kila tone linanishuhudia. Damu ilinipanda, nikamwambia leta hicho chuma, nafungua mwenyewe! Nilifikiri atakificha. Hakukificha. Alinipa kwa mikono miwili, kwa heshima, akasimama kando kunipisha.

Nilikizamisha kwenye valvu ya kwanza niliyoiona. Nikasukuma. Nikavuta. Nikaning'inia na uzito wangu wote, na mimi si mwepesi, na hakikusogea hata kidogo. Kuna namna ya kukishika aliyoijua yeye. Nilikuwa nimeinama hivyo, natweta, ufunguo mkononi, Jamleck pembeni yangu mikono mfukoni kama fundi anayemfunza mwanafunzi, gari la Bwana Isaiah likapunguza mwendo. Kioo kikashuka.

"Aaa," akasema. "Ticha. Kumbe."

Akapandisha kioo, akaenda. Jamleck alichukua ufunguo wake kwangu taratibu, akaupangusa kwa ovaroli.

Jioni ile Bwana Isaiah alikuja kwetu na mkate na pakiti mbili za maziwa, kama mtu anayekuja kuona mtoto mchanga. Mutie alikuwa amerudi, tukakaa watatu.

"Ticha, sikuja kugombana," akaanza. "Sisi tulijua lazima kuna mtu juu ya Jamleck. Hajui hata kusoma mita, yule. Tulikuwa tunakisia nani. Wengine walisema ni mimi! Sasa mkutano ule nao, nakuvulia kofia. Kuuliza wewe mwenyewe nani anampa. Mimi nilifanya kazi serikalini miaka mingi, na sikuwahi kuona mtu amejificha vizuri hivyo."

"Bwana Isaiah, mimi sina habari na Jamleck."

"Sawa, sawa." Aliinua viganja. "Usinieleze. Ila tu, sisi majirani tumetoka mbali. Tuunganishe vizuri. Badala ya kupitia kwa huyo kijana tupitie kwako moja kwa moja, na kila mtu atajua mahali pa kuleta asante yake."

Nilimwambia maneno ambayo sitayarudia, maana mnanijua kama mwalimu wa watoto. Alitoka akiomba radhi, akauacha mkate mezani. Aliamini tu kwamba nimekataa bei.

Mutie alingoja mpaka tulipokuwa tunakula. Mume wangu ni mtu wa maneno machache, na hayo machache huyapima.

"Nzula," akasema, "ulimpa nini?"

Niliweka kijiko chini. "Hata wewe?"

"Nauliza tu. Chekechea ingefungwa. Hata mimi ningempa. Kama ulimpa sitakulaumu hata kidogo."

"Sikumpa kitu, Mutie!"

"Basi, yameisha." Akanipigapiga mkono, akaendelea kula. Alikuwa amenisamehe. Ningemrushia sahani. Miaka yote tumelala kitanda kimoja, na ilikuwa rahisi kwake kunisamehe kuliko kuniamini.

Alhamisi asubuhi nilipika uji wa kawaida, nikatandika mikeka. Nikangoja. Watoto hawakuja. Kwanza nikafikiri ni mvua, lakini mvua haikuwepo, maombi ya Bwana Isaiah bado hayajajibiwa. Nikamwona mama mmoja akipita na mwanawe mgongoni, anaelekea upande wa Kangemi, na alipofika geti letu akavuka barabara.

Awuor ndiye aliyekuja, peke yake. Hakuingia ndani.

"Nimekuja kuchukua blanketi ya Stacy na vikombe vyake."

"Awuor, ingia tuongee."

"Tuongee nini?" Macho yake yalikuwa mekundu. "Mtoto wangu alilazwa wiki moja. Nimemshika akitapika hadi hakuna cha kutapika. Na ulikuja pale hospitalini, Ticha, ukakaa na mimi, ukaniletea chai kwa chupa. Ukaniambia ni haya maji ya lori. Ukalaani watu wanaofunga maji. Ukawalaani na mimi nikasema amina."

"Na nilimaanisha! Jamleck anadanganya. Alinifungulia makusudi mnichukie kwa sababu nimemsema. Nisikilize."

"Alikufungulia bure?"

"Bure."

"Jamleck? Bure?"

Nilijisikia jinsi inavyosikika. Ningekuwa mimi mahali pake, nimesimama getini, nyuma yangu blanketi zimefuliwa zinanukia sabuni, ningemwamini? Nisingemwamini. Ningezitazama kamba tu na kujua.

"Awuor, wewe pia ulikuwa unampa. Aliniambia."

"Ndio nilimpa!" akapiga kelele, na mbwa wa mtu akaanza kubweka. "Nilimpa ya vocha, nilimpa ya mboga, nilimpa nikilala njaa ili nipate japo ndoo moja ya kumwogeshea mtoto. Kumbe nilikuwa nakuletea wewe! Mimi nimekukanda, Nzula. Kwa hii mikono."

Alikuwa hajawahi kuniita Nzula. Kwake nilikuwa Ticha tangu siku ya kwanza. Nilienda ndani nikaleta blanketi na vikombe viwili, cha njano na cha buluu, na nilipompa nilijaribu kumshika mkono. Aliuvuta. Akaondoka akiwa amekumbatia ile blanketi, na alipofika kwake nikasikia akitia komeo mlangoni.

Nilikunywa uji baridi siku nzima. Dada nikamwambia aende kwao, nitampigia. Wazo la kumwambia Jamleck afunge lilinijia mara nyingi, na kila mara nilijibishana nalo. Kufunga kungemthibitishia nani nini? Wangesema Ticha ameogopa, anaficha. Nikawatumia watu ujumbe kwenye grupu la wakazi kwenye simu kwamba geti langu liko wazi, waje wachote bure, usiku na mchana, hata matangi wajaze. Ulisomwa na wote. Aliyejibu ni mmoja tu. Aliuliza, "Bure hadi lini, na baadaye ni ngapi?"

Ijumaa Ngina alifika kama alivyosema, viatu vyake vya raba, begi begani. Hakusalimia sana. Akaenda moja kwa moja kwenye mfereji wa watoto, akaufungua, na maji yakaruka hadi yakamlowesha mkono wa shati. Akafungua wa jikoni. Akafungua wa choo. Akanusa, akajaza glasi akaiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Safi," akasema. "Haya ndiyo nilikuwa nataka." Kisha akageuka, akaangalia mikeka, viti vimepangwa ukutani, kuta zenye picha za ndege na ng'ombe. "Watoto wako wapi?"

Nikamwambia. Nilimwambia kila kitu, tangu ile chai ya asante hadi ufunguo hadi Jamleck hadi Bwana Isaiah na mkate wake. Nilisema mbio mbio, nikirudi nyuma na kuanza upya, na hakunikatiza hata mara moja. Nikasema moyoni, asante Mungu, nimepata mmoja. Huyu soda alikataa. Huyu lazima anajua kuna watu hawatoi na hawapokei.

Alitoa kitambaa mfukoni akajipangusa mikono, polepole, kidole kimoja kimoja.

"Mama, nimeacha gari hapo nje," akasema. "Watu wote wa hapa wamejipanga na mitungi nyuma ya lori. Wote. Wewe peke yako uko na maji, na wiki iliyopita nilikuambia usipokuwa nayo nafunga. Leo unayo. Na unaniambia hukutoa kitu."

"Sikutoa kitu."

"Sawa," akasema, kwa sauti ile ile ya Mutie. "Mimi kazi yangu ni mfereji, na mfereji uko sawa. Unaweza kuendelea na watoto wako."

Alitoka, na nikasikia gari lake likiwaka. Ule mfereji wa watoto aliuacha wazi, maji yanapiga kwenye beseni, yanafurika, yanaingia chini ya mikeka. Nikaufunga. Nikakaa kwenye kiti kimoja cha vile vidogo vya watoto, magoti yakanifika kidevuni, nikalia kwa sauti kubwa, kwa kuwa hapakuwa na mtoto wa kushtuka.